Kajiado na Hesabu za Ushindi wa Kishindo

Alhamisi ya tarehe 26 Oktoba 2017, Wakenya walirudi vituoni kumchagua rais kwa mara ya pili katika muda usiofika miezi mitatu. Mahakama ya Juu ilikuwa imeyafuta matokeo ya tarehe 8 Agosti, majaji wanne wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga dhidi ya wawili. Raila Odinga alijiondoa kinyang'anyironi tarehe 10 Oktoba, ila jina lake lilibaki kwenye karatasi ya kura. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilipomaliza kujumlisha, Uhuru Kenyatta alikuwa amezoa asilimia 98.26 ya kura halali, naye Raila hakufikisha hata asilimia moja. Kama kishindo ni asilimia, Kenya ya vyama vingi haijapata kusikia kikubwa kuliko hicho.

Sasa zitazamwe kura zenyewe. Mwezi Agosti Uhuru alitangazwa kupata kura 8,203,290, sawa na asilimia 54.27. Mwezi Oktoba alipata 7,483,895. Katika muda wa wiki kumi na moja alipungukiwa na kura 719,395, na asilimia yake ikapaa kutoka 54 hadi 98. Mgombea aliyepoteza zaidi ya kura laki saba ndiye aliyeshinda kwa kishindo.

Jambo hilo linashangaza kwa sababu watu wamezoea kugawanya kura za mshindi kwa kura zilizopigwa. Zikigawanywa kwa idadi ya wote waliojiandikisha, picha inageuka. Desemba 2002, Mwai Kibaki alishinda kwa zaidi ya asilimia 61, ushindi ambao mpaka leo unatajwa kuwa mfano wa kishindo cha haki. Alipata kura milioni 3.6 na ushei, na daftari la wapiga kura lilikuwa na watu wapatao milioni 10.4. Hapo ni watu 35 katika kila 100 walioandikishwa. Machi 2013, Uhuru alipenya kwa asilimia 50.07, akivuka nusu kwa kura elfu nane na kitu. Lakini kura zake 6,173,433 zilikuwa 43 katika kila 100 walioandikishwa. Agosti 2017 zilikuwa 42. Oktoba mwaka huohuo, 38. William Ruto mwaka 2022, akiwa na asilimia 50.49, alipigiwa kura na watu 32 katika kila 100 wa daftari.

Kwa kipimo hicho, mshindi aliyebeba sehemu kubwa zaidi ya daftari katika chaguzi hizo ndiye aliyevuka nusu kwa pengo jembamba kuliko wote. Ajabu hiyo haina muujiza wowote. Mwaka 2013 karibu watu 86 katika kila 100 walioandikishwa walijitokeza. Foleni zikiwa ndefu pande zote mbili, mshindi hupata kura nyingi na asilimia ndogo. Upande mmoja ukikosa kuja, kinyume chake hutokea.

Hesabu za nchi nzima ni rahisi kuzisoma na vigumu kuzielewa. Ndiyo maana mhadhara huu unaziteremsha hadi kaunti moja, Kajiado, inayoanza kwenye vilima vya Ngong, ikashuka mpaka ziwa la magadi, ikafuata barabara ya Namanga hadi mpaka wa Tanzania, na kuishia Loitokitok chini ya Kilimanjaro. Kajiado haijawahi kutoa mgombea mkuu wa urais. Hakuna jamii moja inayoweza kujifungia kaunti hiyo peke yake na kumaliza mambo. Na kaskazini mashariki yake imeegemea ua wa Nairobi, hivyo kila msukosuko wa mji mkuu huifikia kabla haujapoa.

Hoja itakayotetewa ni kwamba kishindo, kilipofika Kajiado, hakikutokana na maelfu ya watu kubadili mawazo kwa wakati mmoja. Kilitokana na mienendo ya kuhama na kutulia: viongozi kuhama vyama pamoja na mitandao yao, wakazi kuhamia ploti mpya, na siku nyingine wapiga kura kuamua kukaa nyumbani.

Kuhama ni jambo la zamani huko. Mikataba ya mwaka 1904 na 1911 iliwaondoa Wamaasai katika malisho ya Laikipia na Bonde la Ufa, wakasukumwa kwenye hifadhi ya kusini, ambamo Kajiado na Narok zimo. Baada ya uhuru ikaja sheria ya mwaka 1968 iliyoanzisha ranchi za pamoja: ukoo au kundi la familia likaandikishwa kuwa mmiliki wa eneo moja kubwa, kwa matumaini kwamba wafugaji wangepata mikopo na kufuga kibiashara. Miaka ya 1980 wanachama wakaanza kudai kila mtu apewe hati yake. Ranchi ya Kitengela ikavunjwa mwaka 1988 na kugawiwa wanachama wake.

Kilichofuata kinaonekana kwa macho na yeyote anayepita barabara ya Namanga. Upande wa pili wa mpaka wa wilaya, katika Athi River, viwanda vya saruji vilikuwepo tayari, na mapema miaka ya 1990 eneo la viwanda vya kuuza nje, maarufu kama EPZ, likaanza kuajiri maelfu ya washonaji na vibarua. Wafanyakazi hao walihitaji chumba cha kulala, na chumba cha bei nafuu kilikuwa Kitengela. Mzee aliyepata ekari mia akauza kumi. Aliyenunua kumi akazikata vipande vya hamsini kwa mia. Aliyenunua kipande akajenga nyumba za kupangisha, akachimba kisima, akauza maji kwa jirani. Sensa ya 2009 ilihesabu karibu watu 60,000 mjini Kitengela. Ya 2019 ilihesabu 154,436. Mji wa Kajiado wenyewe, makao makuu ya kaunti na kituo cha kale kwenye reli ya Magadi, ulikuwa na watu karibu 25,000 tu. Kitengela imekuwa zaidi ya mara sita ya mji unaoitawala.

Kila kipande kilichouzwa kilikuwa pia kura iliyohamia. Wanasiasa wa Kajiado walilijua hilo mapema kuliko wasomi.

Mtu wa kwanza kulifahamu kwa undani alikuwa George Saitoti. Alikuwa profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mbunge wa Kajiado Kaskazini tangu 1988 na makamu wa rais wa Daniel arap Moi kwa miaka ipatayo 12 ukiondoa pengo fupi baada ya uchaguzi wa 1997. Alijitambulisha kuwa Mmaasai, na wapinzani wake hawakuchoka kuuliza maswali juu ya nasaba yake. Jina lake kamili, George Kinuthia Muthengi Saitoti, lenye sauti ya Kikuyu na ya Kimaasai, liliwapa wa kusema la kusema. Katika jimbo lililokuwa na manyatta upande mmoja na nyumba za kupanga za Ngong na Ongata Rongai upande wa pili, utata huo ulimfaa. Kila upande uliona kipande chake ndani ya mtu mmoja.

Tarehe 18 Machi 2002, katika mkutano wa chama tawala cha KANU uwanjani Kasarani, orodha ya viongozi wapya wa chama ilisomwa na jina la Saitoti halikuwemo. Nafasi za makamu wenyekiti wanne zilikwenda kwa Uhuru Kenyatta, Kalonzo Musyoka, Musalia Mudavadi na Katana Ngala. Makamu wa rais wa nchi alikaa jukwaani akiitazama kazi yake ikigawiwa wengine. Agosti akafutwa kazi. Tarehe 14 Oktoba, siku ileile KANU ilipokuwa Kasarani ikimwidhinisha Uhuru kuwania urais, kundi la waasi wa KANU lililoitwa Upinde wa Mvua lilijaza bustani ya Uhuru Park, na Raila Odinga akatamka maneno mawili yaliyoamua uchaguzi: Kibaki tosha. Saitoti alikuwa katika kundi hilo. Kutoka Narok, William ole Ntimama naye alihama KANU. Ndani ya wiki chache, nguzo mbili za KANU katika nchi ya Wamaasai zilikuwa zimeng'olewa na kupandwa upande wa NARC, muungano wa upinzani uliomsimamisha Kibaki.

Uchaguzi ulifanyika Ijumaa tarehe 27 Desemba 2002, siku mbili baada ya Krismasi. Kibaki mwenyewe alimaliza kipindi cha kampeni akiwa majeruhi wa ajali ya barabarani ya tarehe 3 Desemba, aliyoipata akirejea Nairobi kutoka mkutano wa Machakos, na tarehe 30 aliapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu. KANU ilibaki na viti 64 vya wabunge waliochaguliwa kati ya 210. NARC ikachukua 125. Katika mikoa minane ya wakati ule, Uhuru aliongoza miwili tu: Kaskazini Mashariki na Bonde la Ufa, mkoa ambao Kajiado ilikuwa wilaya yake. Hata huko Bonde la Ufa, Kibaki aliondoka na zaidi ya kura 600,000, katika ardhi ambayo miaka kumi kabla ya hapo ilichukuliwa kuwa shamba la Moi lenye ua na lango.

Ndani ya wilaya ya Kajiado, wimbi hilo lilipita mahali pamoja na kugonga mwamba mahali pengine. Kajiado Kaskazini, ambayo wakati huo ilikuwa kubwa kuliko ya leo kwa sababu wilaya nzima ilikuwa na majimbo matatu tu, ilimrudisha Saitoti bungeni kwa tikiti ya NARC. Jirani yake, Kajiado ya Kati, ilimchagua meja jenerali mstaafu Joseph Nkaissery kwa tikiti ya KANU. Waandishi wa siasa wa Marekani hufurahia kisa kama hicho: mwaka 1984 Ronald Reagan alitwaa majimbo 49 kati ya 50, na wao wakabaki kujadili Minnesota, jimbo la nyumbani la Walter Mondale, lililomnusuru kwa kura zisizofika 4,000. Ajabu ya Kajiado ni kwamba kishindo na ukaidi vilikaa wilaya moja, vikitenganishwa na mwendo wa saa moja kwa matatu.

Tofauti kati ya majimbo hayo mawili ilikuwa nini? Jibu la haraka ni kabila, nalo ni jibu la uvivu. Ni kweli Kaskazini ilikuwa na wahamiaji wengi. Lakini Saitoti alipohama hakuhama peke yake. Alikwenda na madiwani wake wa baraza la Ol Kejuado, mawakala waliokuwa wakimsimamia kura tangu enzi ya chama kimoja, wazee wa mashina na wenye malori ya kubebea watu kwenda mikutanoni. Mtambo uleule uliokuwa ukiipa KANU ushindi uliwashwa kuipa NARC ushindi. Mpiga kura wa Kiserian hakulazimika kumwacha kiongozi wake ili amchague Kibaki, alilazimika kumfuata. Katika Kajiado ya Kati, Nkaissery alibaki KANU, na waliomwamini walibaki naye. Mwaka 2007 Nkaissery alipohamia ODM, chama cha Raila, jimbo likahama pamoja naye, na likaendelea naye tena mwaka 2013.

Kuna sababu nyingine isiyotajwa sana. Mwaka 2002 kura za urais zilihesabiwa kwenye vituo vyenyewe kwa mara ya kwanza tangu vyama vingi virudi, badala ya masanduku kubebwa usiku hadi ukumbi mmoja. Wakala wa kituo cha mbali, kule Magadi au Bisil, aliondoka na idadi yake mfukoni. Kishindo cha mwaka ule kilionekana alfajiri ileile kwa sababu kila kituo kilijua kura zake, na hakuna lori lililopotelea njiani na sanduku.

Saitoti alikuwa Waziri wa Elimu Januari 2003 elimu ya msingi bila malipo ilipoanza. Alifariki tarehe 10 Juni 2012 katika ajali ya helikopta kwenye msitu wa Ngong. Uchaguzi mdogo wa Septemba mwaka huo ulichukuliwa na Moses ole Sakuda wa TNA, chama kipya cha Uhuru Kenyatta. Kiti kilichokuwa cha aliyepewa mgongo na KANU ya Uhuru kikaishia mikononi mwa chama cha Uhuru, miaka kumi tu baadaye.

Katiba ya 2010 ilibadilisha uwanja wote. Kajiado ikawa kaunti yenye majimbo matano: Kaskazini, Mashariki, Kati, Magharibi na Kusini. Badala ya karatasi tatu, mpiga kura sasa hupewa sita. Nyeupe ya rais, bluu ya gavana, manjano ya seneta, zambarau ya mwakilishi wa wanawake, kijani ya mbunge na ya rangi ya maziwa ya mwakilishi wa wadi. Kila moja ina sanduku lenye kifuniko cha rangi yake, na karani husimama karibu kumwelekeza bibi ambaye ameshika ya bluu na kuielekeza kwenye kijani. Wanasiasa huwasihi watu wapige suti, yaani chama kimoja kuanzia juu hadi chini. Kajiado haijapenda suti.

Machi 2013 Uhuru aliongoza kura za urais katika kaunti. Wapiga kura haohao, katika foleni hiyohiyo, walimpa ugavana David Nkedianye wa ODM, mtafiti wa malisho na wanyamapori aliyekuwa amefanya kazi zake katika mbuga hizo za Kitengela zilizokuwa zikizibwa na seng'enge. Useneta ulikwenda TNA kwa Peter Mositet. Kajiado Mashariki, yenye Kitengela, ilimchagua Peris Tobiko wa TNA, mwanamke wa kwanza wa Kimaasai kuchaguliwa mbunge wa jimbo. Desemba 2014 Nkaissery aliteuliwa Waziri wa Usalama wa Ndani katika serikali ya Jubilee, mrengo wa Uhuru. Wengi walitarajia kiti chake kimfuate serikalini. Lakini katika uchaguzi mdogo wa Machi 2015, Kajiado ya Kati ikampa Elijah Memusi wa ODM.

Mwaka 2017 ulileta suala la ardhi jukwaani kwa sauti ya juu. Mwezi Juni, Raila alipohutubia Kajiado, aliwataka Wamaasai wasiuze ardhi yao kwa watu wa nje. Jubilee ikamshutumu kwa uchochezi. Upande wake ukasema maneno yamepotoshwa. Wenyeji waliyasikia maneno hayo kwa masikio tofauti. Mzee aliyebakiwa na ekari chache na wajukuu wengi aliyasikia kama huruma iliyochelewa. Aliyelipa ploti yake Kitengela kwa mkopo wa sako aliyasikia kama notisi ya kuhama. Ikumbukwe pia kwamba wahamiaji si kundi moja. Kitengela na Rongai zina Wakikuyu, Wakamba, Waluo, Waluhya, Wakisii na Wasomali, na wenye ploti walipewa sababu ya kuogopa bila kujali walikuwa mrengo gani. Nkaissery alifariki ghafla tarehe 8 Julai, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi. Agosti, Uhuru aliongoza tena Kajiado, na safari hii ugavana ukaenda upande wake pia: Joseph ole Lenku wa Jubilee akamng'oa Nkedianye.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye Oktoba.

Fomu moja inastahili kutazamwa kwa karibu, Fomu 34A. Kila chumba cha darasa kinachotumika kama kituo, chenye watu wasiozidi 700 katika daftari lake, hujaza fomu moja ya urais baada ya kuhesabu. Msimamizi wa kituo huandika kura za kila mgombea, mawakala hutia sahihi, picha hupigwa kwa kifaa cha elektroniki na kutumwa, na nakala hubandikwa mlangoni. Watu humiminika kwenye mlango huo wakiwa na simu. Wote hupiga picha safu ya majina na kura. Ni wachache wanaotazama mstari unaotaja waliojiandikisha katika kituo hicho, na mwezi Oktoba huo ndio mstari uliokuwa na habari. Kote nchini, fomu nyingi zilikuwa na mgombea mmoja mwenye mamia ya kura na wengine wenye tarakimu za kuhesabu kwa vidole. Ni mstari wa waliojiandikisha tu ambao ungeonyesha kwamba nusu ya majirani hawakuja.

Katika kaunti nne za Nyanza, yaani Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, majimbo mengi hayakupiga kura. Kitaifa waliojitokeza walikuwa asilimia 38.84. Katika Kisumu, kususia kwa wafuasi wa Raila kulikuwa suala la umma. Mtu asiyepiga kura alikuwa na jirani asiyepiga, mtaa mzima. Katika Kitengela kulikuwa suala la mlango kwa mlango. Ploti moja ya vyumba kumi na viwili inaweza kuwa na familia inayoamka saa kumi na moja kwenda kupanga foleni na nyingine iliyofunga pazia mchana kutwa, wakitumia bomba moja la maji. Asilimia 98 ya kitaifa haina namna ya kuonyesha pazia. Ilijumlisha waliokuja, ikaita matokeo.

Wapo wanaosema kususia ni kura pia. Katika hisabati ya Katiba, si kura. Kifungu cha 138 kinadai zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa nchini na angalau asilimia 25 ya kura zilizopigwa katika zaidi ya nusu ya kaunti. Neno linalotawala ni zilizopigwa. Asiyekuja hapunguzi chochote kutoka kwa mshindi; anampunguzia kigawanyo. Waliosusia walijua hivyo, na lengo lao lilikuwa uhalali, jambo ambalo fomu haina safu yake.

Kuna na wale wasiokuja bila kususia. Kajiado ina aina zake mbili. Wa kwanza ni mkazi wa mjini aliyejiandikisha ushago. Daftari linamtaka apige kura alikojiandikisha, kwa hiyo wiki ya uchaguzi mabasi ya kwenda Magharibi na Nyanza hujaa, na ploti za Kitengela hubaki na walinzi na kuku. Mwaka 2002, Krismasi ilikuwa imekwisha kuwapeleka watu kwao. Walipiga kura wakiwa huko huko, na kishindo cha vijijini kikabeba kura za waliokuwa wakifanya kazi Athi River. Mwaka 2017 uchaguzi uliangukia Jumanne ya Agosti na tena Alhamisi ya Oktoba. Nauli ya mara mbili, kwenda na kurudi, ni hoja nzito kwa fundi wa EPZ anayelipwa kwa siku. Kadiri wengi wanavyohamishia kituo chao Kitengela, ndivyo kaunti inavyopata wapiga kura ambao zamani walihesabiwa kwingine. Daftari la Kajiado lilipita 300,000 mwaka 2013. Mwaka 2022 lilipita 460,000.

Wa pili ni mfugaji. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 uliendelea mpaka baada ya uchaguzi wa 2022, na kufikia Agosti mwaka huo ng'ombe wengi wa Kajiado walikuwa wamekufa au wamehamishwa mbali kutafuta majani, wengine hadi ng'ambo ya mpaka wa Tanzania. Kijana mwenye miaka ishirini na kitambulisho chake mfukoni, anayelinda mifugo ya baba yake mwendo wa siku mbili kutoka kituo chake, hataonekana kwenye orodha ya waliosusia. Ila kigawanyo kinapungua vilevile, na kinapungua zaidi katika majimbo ya Magharibi, Kati na Kusini kuliko mjini.

Tarehe 9 Agosti 2022 hakukuwa na kishindo cha mtu yeyote. Mrengo wa Azimio, uliomsimamisha Raila, uligawanyika katika ugavana wa Kajiado: ole Lenku, aliyeshinda kwa Jubilee mwaka 2017, aligombea kwa ODM, Nkedianye, aliyekuwa ODM, aligombea kwa Jubilee. Walibadilishana makoti. Katoo ole Metito, mbunge wa Kajiado Kusini aliyewahi kuwa wa TNA, kisha Jubilee, alibeba bendera ya UDA, chama cha Ruto. Lenku alishinda kwa pengo dogo. Lakini seneta akawa Samuel Seki wa UDA, na mwakilishi wa wanawake Leah Sankaire wa UDA. Wabunge watano wakagawanyika: ODM ilichukua Kati, Mashariki na Kusini, UDA ikachukua Kaskazini na Magharibi.

Ramani hiyo inawasumbua wote wenye jibu la haraka. Anayesema miji inapiga kura hivi na manyatta vile ajaribu kuipaka rangi. Kaskazini na Mashariki, majimbo mawili ya miji mikubwa, yalikwenda vyama tofauti. Magharibi na Kusini, majimbo mawili mapana ya wafugaji, yalikwenda vyama tofauti pia. Kinachoyaunganisha matokeo hayo ni nani aliyesimama, ametoka sehemu gani ya Wamaasai, iwe Ilkaputiei, Ilkeekonyokie, Ilmatapato au Ilkisongo, na ni nani miongoni mwa wahamiaji aliyekubali kumfanyia kampeni. Mgombea urais huwa abiria katika gari hilo mara nyingi kuliko anavyodhani.

Yapo pia mambo ya mizani ambayo hakuna mgombea anayetaka kuyagusa kabla ya uchaguzi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840 Kajiado. Kajiado Kaskazini, lenye eneo dogo kuliko majimbo yote matano, lilikuwa na 306,596. Isinya na Mashuuru, zinazounda Kajiado Mashariki, zilikuwa na 274,687. Majimbo hayo mawili yana zaidi ya nusu ya watu wa kaunti, na wabunge wawili kati ya watano. Kajiado ya Kati ina mbunge mmoja kwa watu 161,862. Katiba inaruhusu tofauti ya hadi asilimia 40 kwa majiji na sehemu zenye watu wachache, na idadi ya majimbo nchini imefungwa kwenye 290. Mipaka ilipaswa kupitiwa upya kabla ya Machi 2024, miaka 12 baada ya ile ya 2012, na tarehe hiyo ilipita bila mipaka mipya.

Zoezi hilo likifika Kajiado, hoja za pande mbili zinajulikana tayari. Mkazi wa Ongata Rongai atasema kura yake ina uzito wa nusu ya kura ya mtu wa Kati. Mzee wa Matapato atajibu kwamba jimbo lake lina barabara za vumbi za kilomita nyingi na visima vichache, kwamba bungeni hana wa kumsemea ila huyo mmoja, na kwamba waliouziwa ardhi hawakuuziwa viti. Na katika uchaguzi ujao ugavana utakuwa wazi, kwa sababu Lenku amechaguliwa kwa mihula miwili inayoruhusiwa. Wagombea wanaojipanga kumrithi wameanza kuhudhuria harambee za makanisa ya Kitengela kwa bidii ileile wanayohudhuria sherehe za moran, na katika mikutano yote miwili wanawasihi vijana jambo moja: wajiandikishe hapahapa.